IST ya kilomita 68,000

SWALI: Shikamoo fundi. Dalali wa Ngamiani ananiuzia gari, Toyota IST ya 2005, saa inasoma kilomita 68,000. Niamini? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miaka yote hiyo, kilomita hizo tu? Tazama pedali ya breki. Mpira ukiwa umelika na usukani unateleza kama sabuni, saa imerudishwa nyuma. Mpira mpya kabisa nao unanitia shaka. Dai cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Huwa kina kilomita zilizosomwa huko. "Kimepotea" ndio wimbo wao. Kisha ingia uvunguni na tochi. Gari la kulala Raskazone hupigwa na chumvi ya bahari: gonga chasisi kwa bisibisi, ikibonyea, rudisha ufunguo. Injini iwashwe ikiwa baridi, kabla dalali hajaipasha.