Fundi akisema rada imekufa, muulize nani kamwambia

Juzi usiku kuna dada mmoja wa Tabata kanitumia picha ya dashibodi yake, ujumbe wa njano umewaka kwa Kijapani, chini kaandika: "Kaka samahani, fundi anasema rada ya kruzi imekufa, nyingine ni milioni moja na laki mbili, nimpe?" Nikamjibu usitoe hata mia mpaka nikuandikie vizuri. Sasa nimeona niandike hapa kwa wote, maana tangu nilivyorusha ile video gari yangu ikimfuata lori yenyewe kule Kibaha maswali ya hivi hayakatiki, na najua wengi wenu humu mnaendesha hizi hizi za kutoka Japan, mmeonja utamu wa kuachia mguu hamtaki tena kurudi nyuma, kwahiyo kwa mgeni tu: kruzi ya rada ni ule mfumo wa gari kushika mwendo na kumfuata wa mbele yenyewe, zaidi ya hapo sitawachosha.

Tupite haraka tu kwenye utaalamu. Rada inarusha mawimbi ya gigahezi 76 hadi 77, wimbi moja urefu wake ni milimita 4 hivi, linamgonga wa mbele linarudi, kompyuta inapata umbali na kasi yake, gari inapunguza au inaongeza. Mercedes-Benz waliiweka kwenye S-Class mwaka 1999, Toyota wakaja kuisambaza kwenye magari ya watu wa kawaida na Toyota Safety Sense kuanzia 2015, na ndo hizo zinashuka bandarini sasa hivi. Kwenye Toyota nyingi hiyo rada imekaa nyuma ya nembo ya mbele, pale katikati ya shoo, ile grili ya mbele. Shikeni hapo kwenye nembo, tutarudi.

Yangu ilianza na bodaboda. Foleni ya Mwenge, mimi nimesimama zangu, kijana akachomoka pembeni akanivaa mbele, bampa likapasuka, shoo ikavunjika na nembo ikapata ufa. Akashuka akaniomba msamaha, abiria wake keshapanda nyingine, nikamwangalia nikaona hapa hakuna hela ya kudai. Nikapeleka gari gereji moja ya mjini, jina silitaji maana sitafuti kesi, ila mtu wangu wa karibu ndo alinielekeza na alisema pale kuna wataalamu. Bampa wakalinyoosha wakapiga puti, ile ya kuzibia mabonde, na rangi, shoo wakaweka ya mtumba, nembo wakanunua mpya dukani. Gari ikatoka inawaka, nikapiga na picha.

Safari ya kwanza kutoka nje ya mji kruzi ikajizima. Nikaiwasha, ikakaa kidogo, ikajizima tena na ujumbe juu. Nikarudi gereji. Akaitwa fundi umeme wao, akachomeka mashine ya kusomea kompyuta za gari chini ya usukani, hata soda niliyoagiziwa sijaifungua, akachomoa. "Bosi, rada imekufa." Nikamwambia naomba nione kodi za hitilafu alizosoma, yaani zile namba ambazo kompyuta ya gari inaandika kitu kikiharibika, akageuza skrini upande wake akasema, nanukuu, "Bosi wewe kazi yako kuendesha na kulipa, haya ya kompyuta tuachie sisi." Na shemeji yangu yupo pale, akacheka. Jamani. Mimi nimesoma umeme VETA kabla sijahamia kwenye biashara, naweza kushika mita, naweza kusoma mchoro, alafu mtu ananiambia mbele ya shemeji kazi yangu ni kulipa. Ile kauli mpaka leo nikiikumbuka tumbo linajikunja. Nikalipa hela ya mashine nikaondoka, sikusema neno.

Nikamtafuta kijana mmoja Sinza ambaye mashine yake inaingia mifumo yote ya gari, maana hivi vidude vidogo vya bluetooth tunavyonunua Kariakoo vingi vinasoma injini tu, rada havioni kabisa, vitakwambia gari nzima iko salama huku ujumbe umewaka mbele yako. Huyu kijana alinigeuzia skrini bila kuombwa. Na hapo ndo nikaona uongo wa yule mwenzake.

Iko hivi. Kuna hitilafu inayotolewa na rada yenyewe na kuna hitilafu inayotolewa na wenzake kuhusu rada. Ukikuta U0235, hiyo maana yake kompyuta nyingine za gari zinasema tumempoteza rada, hatumsikii, na hapo kweli inaweza kuwa imekufa au haina umeme au waya umekatika. Lakini yangu ilikuwa ni kodi kutoka ndani ya rada yenyewe, inasema mhimili wake umepinda, haielekei inapotakiwa. Sasa mtu aliyekufa anawezaje kukwambia shingo imempinda? Rada inaongea, inajitambua, inalalamika, alafu wewe unaniuzia nyingine.

Tukang'oa shoo. Kwanza nembo. Nembo ya asili ya gari yenye rada ukiipitishia kidole mbele ni laini tupu kama kioo cha simu, lile umbo la Toyota unaliona liko ndani ya plastiki, na ule weupe unaong'aa ni tabaka jembamba lililotengenezwa makusudi mawimbi yapite. Ile waliyoninunulia dukani umbo limenyanyuka nje, kucha inakwama kwenye kingo, nyuma ina matundu na vipini vya kubandikia shoo ya kawaida. Ni nembo ya gari isiyo na rada. Wameichukua rada ya gigahezi 77 wakaiwekea kifuniko chenye kromu mbele ya uso, alafu wanasema imekufa.

Pili, rada yenyewe, kiboksi cheusi kama kiganja hivi, kimekaa kwenye kishikio cha bati chenye skrubu za kurekebishia. Kile kishikio kilikuwa kimelala. Kwa jicho huoni, mimi sikuona, kijana akachukua kipima maji kidogo kile cha mafundi ujenzi akakilaza kwenye uso wa rada na povu likakimbilia pembeni. Fundi bodi wa kule alinyoosha chuma cha nyuma ya bampa kwa nyundo, kishikio akakirudisha kilivyo na mkunjo wake. Na mtu atasema kupinda kidogo vile kuna shida gani, basi piga hesabu: ikipinda nyuzi 1 tu kwenda pembeni, kwenye umbali wa mita 100, rada inaangalia mita 1.7 pembeni. Njia moja ya barabara ni kama mita 3 na nusu. Kwahiyo gari yako inaweza kumfuata wa njia ya jirani, wa mbele yako isimwone vizuri, na ikishagundua hesabu hazikai inajizima yenyewe, na afadhali ijizime.

Kishikio tukakinyoosha. Nembo ya uso laini nikaipata kwenye spea za mtaa wa Gerezani, ya mtumba, ilinichukua kuzunguka sana kwa sababu wauzaji wengi wanakwambia "zote sawa tu kaka". Hazilingani. Alafu wheel balansi na alaimenti, upepo wa matairi sawa, mizigo ikatolewa kwenye buti, gari ikasimama kwenye sakafu iliyonyooka na ikalengwa upya kwa mashine na kibao cha kulengea, kile kinachosimamishwa mbele ya gari ili rada irekebishwe ielekee sawa. Jumla ya gharama hata robo ya rada nyingine haikufika. Siku naijaribu Morogoro Road baada ya Kimara pale njia zilivyopanuliwa, nikaiweka, nikaachia mguu, ikamshika lori wa mbele ikatulia nyuma yake. Nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari. Na ndiyo, ile video nilimtumia shemeji kwanza kabla ya mtu yeyote.

Sasa ndugu zangu tuambizane ukweli. Tumezidi uvivu wa kuuliza. Mtu ana gari ya milioni arobaini lakini anaogopa kumwambia fundi nionyeshe skrini, eti ataonekana mjuaji. Onekana mjuaji! Hela ni yako, piga picha kodi zote, sio za rada peke yake, zote, kwa sababu kruzi inategemea wengi: sensa ya ABS kwenye tairi, ile inayosoma mzunguko wa tairi, ikizingua kruzi inazimwa, swichi ya taa za breki ikizingua inazimwa, na kwenye magari mengi hata taa ya cheki injini ikiwaka tu gari inakunyima kruzi hata kama rada ni nzima kabisa. Betri ikichoka nayo, ukiwasha asubuhi umeme unashuka, zinajiandika kodi za kila aina mpaka unadhani gari imelogwa. Pima betri kwanza.

Kitu kingine, angalia ujumbe unatokea lini. Ukiwaka pale pale unapowasha gari, mara nyingi ni umeme au mawasiliano: fyuzi, plagi, waya. Ukitokea baada ya kutembea kidogo, mara nyingi rada imeangalia barabara ikaona haioni au inaona upande, kwahiyo rudi mbele ya rada, angalia nembo, angalia kishikio. Ukitokea mvua za masika zinapopiga kweli kweli na kupotea mvua ikikatika, hiyo hata usiende gereji, maji yamejaa kwenye uso wa rada, futa nembo endelea na safari. Lakini kama wewe ni wale wa kulazimisha kupita bonde la Jangwani maji yakiwa magotini, basi chomoa plagi ya rada uangalie pini, ukikuta ukijani ule wa kutu ya shaba umeshapata jibu lako. Safisha, kausha. Bado? Mita: angalia umeme wa betri unafika kwenye plagi na eathi ni nzuri, alafu toa terminali ya betri upime kati ya zile waya mbili za mawasiliano zilizosokotwa pamoja, isome kama omu 60. Ikisoma 120 kuna upande umekatika. Fundi umeme anayeshindwa kukufanyia hivyo vipimo asikuuzie kitu.

Na wale wa kupaka paka. Magari mengine rada haiko kwenye nembo, iko nyuma ya plastiki ya bampa kwa chini, hapo usikubali puti, na rangi za kupakwa mara tatu tatu juu ya ile ya zamani zinaziba mawimbi. Zile ngao za chuma za mbele mnazofunga kwa mbwembwe, stika, kibao cha namba kilichosogezwa, vyote hivyo vikikaa mbele ya rada ni tatizo. Wenye Subaru za EyeSight nyie hata msihangaike kutafuta rada ya mbele, ile inatumia kamera mbili zilizo ndani, juu kwenye kioo cha mbele, angalieni kioo kama kimebadilishwa au kina uchafu pale ndani. Ni yale yale, angalia kilichokaa mbele ya jicho.

Rada ya mtumba pia, kama kweli yako imekufa, hakikisha namba iliyoandikwa nyuma inafanana na yako na kwamba itaingizwa kwenye gari kwa mashine na kulengwa. Kuifunga tu kwa skrubu haitoshi, utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Moja la usalama, hili naomba mnisikie. Rada ikiwa nzima kabisa bado ina udhaifu kwa kitu kilichosimama, kwenye kasi kubwa kruzi nyingi zinapuuza vitu visivyotembea maana zingefunga breki kwa kila nguzo na kibao. Sasa unazijua barabara zetu, lori limekufa usiku njia ya Chalinze, taa hazipo, dereva kaweka matawi ya mti kama onyo. Kruzi haisomi matawi. Giza likiingia mimi naizima.

Mkiniuliza bei ya kulenga rada sijibu inbox, inategemea gari na mwenye mashine, na wenye kile kibao cha kulengea hapa Dar ni wachache. Piga simu kabla hujapeleka gari, uliza wanalenga kwa kibao au kwa kutembeza barabarani, mashine inaruhusu ipi kwa gari yako. Akikujibu "we lete tu tutafuta hizo kodi", kata simu. Na dada wa Tabata, nitumie picha ya nembo kwa karibu, ya pembeni, nione kama imenyanyuka.