Kujichora wakati hujioni tena

Dada, umeuliza uchore vipi mtu aliyejipoteza kwa kuwaridhisha wakwe na ukoo, na unalalamika kwamba kila ukijaribu unaishia kwenye barakoa au uso usio na macho. Achana na barakoa. Kila mtu anaichora, na mtazamaji akishaielewa anapita zake.

Anza na nguo. Mwaka 1939 mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko alijichora mara mbili kwenye turubai moja, wawili wameketi wameshikana mikono: mmoja kavaa gauni jeupe la Kizungu, mwingine vazi la wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Meksiko. Mioyo yao iko nje, imeungwa kwa mshipa mmoja. Yule wa gauni jeupe anaubana mshipa kwa koleo la daktari, na damu bado inadondokea sketi. Nani atauliza maana yake?

Basi vaa lile gauni walilokuchagulia, kaa mbele ya kioo, ujichore bila kujipendelea: linavyobana kwapani, pini iliyoshika kiuno. Rangi ya akriliki ikikauka, paka juu yake sura wanayoitaka wao, kisha sugua kwa msasa laini mpaka ya chini ichungulie. Sugua shingo na mikono, uso uuache. Ukiugusa utarudi kulekule kwenye barakoa.

Kuhusu kuwaonyesha wakwe, mimi ningengoja picha zifike tatu au nne. Moja tu wataiitishia kikao.