Rula Naiacha Ofisini

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni kitu gani kinakusaidia kuishi na jambo ambalo huwezi kulipanga wala kuujua mwisho wake? Mimi nachana karatasi na kuzibandika. Nazungumzia kolaji dhahania, picha isiyo na mtu, nyumba wala mbuyu ndani yake, ila rangi, kingo na nafasi tu.

Kazi yangu hapa Dodoma ni kuchora ramani za nyumba. Kutwa nzima nahesabu milimita, na ndivyo inavyopasa, maana ukuta ukienda upande kuna mtu ataingia hasara. Jioni rula naiacha ofisini. Mkasi nao situmii. Mkasi unanitii mno.

Karatasi ina mambo yake. Ile ya kiwandani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja: ukiichana kwa kuzifuata inanyooka, ukizikatiza inakimbilia inakotaka. Karatasi ya kalenda, ukivutia kipande kwako, upande mmoja unabaki na ukingo mweupe na wa pili haunao. Mfuko wa saruji, ambao katika Dodoma hii ya ujenzi huhangaiki kuutafuta, una kaki ngumu yenye nyuzi ndefu, na ukichanika huacha manyoya mazuri sana. (Chukua tabaka la nje tu, la ndani lina vumbi la saruji, halifai kuvutwa puani.) Gundi napika mwenyewe kwa unga wa ngano, nyepesi. Ikiloa, karatasi hutanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata, ndiyo maana inajikunja. Mikunjo hiyo siinyooshi. Naitazama, naamua kipande kinachofuata kikae wapi kwa sababu yake.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Mama alipougua, tulikaa muda mrefu tukisubiri majibu ya vipimo. Ndugu walikuwa wakipiga simu kila jioni: "Wamesemaje?" Sikuwa na la kuwaambia. Kichwa changu kilitaka kupanga kila kitu, ikiwa hivi tutafanya vile, hadi usingizi ukapotea. Nilipokaa mezani na karatasi, mikono ilikuwa na kazi ambayo haikudai nijue mwisho. Kipande kimoja, kisha kingine. Hofu haikuisha, ila niliweza kukaa nayo na bado nikampikia mama uji asubuhi.

Wapo wanaodhani huku ni kuachia tu mambo yajiendee. Sikubali. Msanii Hans Arp, akiwa Zürich, Uswisi, mnamo 1916 na 1917, alitengeneza picha za vipande vya karatasi vilivyochanwa, na husimuliwa kwamba aliviangusha chini na kuvibandika vilipoangukia. Lakini zitazame picha zenyewe: vipande vimeachiana nafasi, karibu havilaliani kabisa. Macho yangu yanaona mkono uliosogeza. Bahati ilileta, yeye akaijibu. Mjomba wangu kule Bahi hupanda uwele wakati udongo bado mkavu, naye hawezi kuiamuru mvua, lakini mbegu anaichagua na shamba amekwisha kulisafisha.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa limefanyika zamani sana, nenda Kolo, kaskazini ya Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna kuta ambazo michoro myekundu imepitiwa juu na mingine, ikiwemo myeupe ya baadaye. Aliyekuja baadaye hakukuta mwamba mtupu. Alichora juu ya kazi ambayo hakuianza, naye hakujua nani angekuja kupita juu ya yake. Nilisimama pale muda mrefu, na tangu siku hiyo siogopi tena kubandika juu ya kipande ninachokipenda.

Anayetaka kujaribu asinunue karatasi ya thamani, kwa sababu atailinda. Kalenda ya mwaka jana inatosha, na bahasha za kaki. Chana kwanza, bila kuwaza picha. Pepo za Julai na Agosti zikianza funga dirisha, la sivyo vipande utaviokota uani. Vipange, viache bila gundi hadi kesho yake, kisha uvitazame tena kabla hujabandika. Na mtoto akikuuliza ni picha ya nini, mpe karatasi naye achane.