Kabla hujawauliza watu kama watanunua

Watu 34 kati ya 40 waliniambia watanunua siagi yangu ya karanga. Nikakaanga, nikasaga, nikajaza makopo 60 ya nusu kilo, bei shilingi 8,000. Mwezi ulipoisha nilikuwa nimeuza 11, na matatu kati ya hayo kayachukua mama mkubwa.

Dodoso lenyewe nililitunga usiku mmoja kwenye simu, nikalirusha kwenye magrupu ya WhatsApp: la ukoo, la kikoba, la tuliosoma wote. Gharama yake bando tu, na asubuhi nimeshapata majibu ya kuhesabu. Huo ndio utamu wa dodoso. Shida ni kwamba walionijibu ni watu wanaonipenda. Nani atamwambia mtoto wa dada yake "sinunui"? Siku hizi nauliza yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho ulipaka nini kwenye mkate, ulinunua wapi, shilingi ngapi?

Takwimu za serikali nazo nilizipitia. Ni za bure, na Sensa ya 2022 inakuambia Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Ukitafuta eneo la kufungua duka, zinafaa. Nani kati yao anakula karanga, hazisemi.

Kilichonifumbua macho ni kukaa. Nilimwomba Mangi wa mtaani kwetu Tabata aniachie kreti la soda pembeni ya kaunta, asubuhi tatu, kuanzia saa kumi na mbili, daftari mkononi. Mtoto anakuja na noti, anachukua mkate mdogo, inayobaki anapimiwa Blue Band. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Asubuhi zote tatu hakuna aliyebeba kopo zima la kitu chochote cha kupaka. Kumbe 8,000 yangu ni hela ya mwisho wa mwezi!

Ila macho nayo yana upofu wake. Mama mmoja alilishika kopo langu, akaligeuza, akalirudisha. Nikaandika: "bei". Roho ikanisuta, nikamfuata nje. "Shikamoo mama, samahani, mbona umeliacha?" Akasema ameona mafuta yameelea juu, akadhani imeharibika. Siagi ya karanga tupu, isiyotiwa kitu cha kuishikisha, mafuta yake lazima yapande. Mimi nalijua hilo. Yeye angelijulia wapi? Wiki ile ile nikabandika kwenye vifuniko: KOROGA KWANZA.

Ndiyo maana napenda mahojiano ya ana kwa ana, japo yanakula muda. Watu 12 walinichukua wiki mbili, na mara kadhaa nilijikuta naitetea bidhaa badala ya kusikiliza.

Kikundi cha majadiliano sikipendi sana. Niliwaita kina mama wanane, nikalipa nauli na soda. Mmoja mwenye sauti akasema tia sukari, wote wakaitikia. Usiku, mwingine kati yao ananiandikia: "Mdogo wangu, usitie. Mume wangu ana kisukari, sikutaka kubishana na dada." Ungekwenda na kauli ya kikao, ungempoteza huyo.

Kuonjesha pia kuna mtego wake. Mwaka 1985 Coca-Cola walionjesha watu karibu 200,000 ladha mpya, wengi wakaipendelea. Ilipoingia sokoni wateja wakaja juu, na haikupita miezi mitatu ladha ya zamani ikarudishwa. Kijiko kimoja cha bure si sawa na kitu unachokula nyumbani kila siku.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni kuuza kidogo. Nilipeleka kwa Mangi makopo 30 ya gramu 100, kila moja 2,000. Yaliisha siku nne, nikashangilia. Mzigo wa pili ukakaa wiki mbili na zaidi. Nilisahau kwamba wa kwanza niliupeleka tarehe 28, mishahara imetoka. Kwa hiyo pima mwezi mzima, na utenge hela ambayo ikizama hutalala njaa, maana njia hii inakula mtaji kabla haijakupa jibu.

Juzi Mangi kaniambia kuna wateja wanaulizia siagi ya korosho. Nimemwomba awe anaandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma: wangapi, na kama kuna aliyeuliza bei.