Mchana panda bonde, asubuhi vuka mlima

Mtu anayepanga safari yake ya kwanza ya baiskeli milimani huchukua ramani na kuanza kugawa kilomita: leo 80, kesho 80, keshokutwa 80. Kwenye tambarare hesabu hiyo inafaa. Milimani inakudanganya, kwa sababu kilomita 24 za kupanda zinaweza kumeza nusu siku nzima, na 24 za kuteremka zikaisha jasho likiwa bado halijakauka mgongoni. Ninachomshauri kila anayeniuliza ni kuanza na swali la malazi: utalala upande gani wa mlima, na kwenye kimo gani? Ukishalijibu hilo, mengine mengi yanakaa sawa.

Mimi hufanya hivi. Mchana napanda bonde taratibu. Nalala mguuni pa mlima, au hata theluthi ya njia ya kupanda kama kuna kijiji. Alfajiri naanza kupanda, navuka kipito, yaani pale juu barabara inapouvuka mlima, asubuhi, nateremka, kisha najitahidi kulimaliza bonde la upande wa pili kabla ya saa sita. Utaratibu huu unatokana na tabia ya upepo na mvua milimani, na anayeielewa tabia hiyo husafiri kwa nusu ya taabu ya mwenzake.

Tuanze na upepo. Jua likishapanda, hewa iliyobanwa kati ya milima hupata joto upesi kuliko hewa ya uwandani. Hupanda kando ya miteremko, na hewa ya chini huvutwa kuja kujaza nafasi. Matokeo yake ni kwamba siku ya jua, kuanzia kama saa tano asubuhi hadi jioni, upepo huvuma kutoka mdomo wa bonde kuelekea milimani. Usiku mambo hugeuka: hewa hupoa, huwa nzito, hutambaa kurudi chini. Bonde la Rhône nchini Uswisi, kipande cha Martigny hadi Brig, ni darasa zuri la jambo hili. Ukilipanda mchana, upepo unakusukuma mgongoni na unajiona shujaa. Ukiliteremka saa nane mchana, unakanyaga kwa nguvu kwenye mteremko na bado unakwenda mwendo wa mzee. Bonde ni lile lile na barabara ni ile ile; kilichobadilika ni saa.

Kuna mabonde yanayovunja kanuni, na inafaa kuyajua mapema. Engadin ya Juu, nayo Uswisi, ina upepo wa mchana unaoshuka kutoka kipito cha Maloja, mita 1,815, ukivuma kufuata bonde kwenda chini. Huko anayeteremka mchana ndiye mwenye bahati. Kabla ya kupanga, waulize waendesha mashua za tanga na wanaoruka na parachuti katika eneo unalokwenda. Hao wanaujua upepo wa bonde lao saa kwa saa.

Mvua nayo ina ratiba yake. Katika milima mingi wakati wa kiangazi, hewa ile ile inayopanda mchana hutengeneza mawingu marefu, na ngurumo huanza alasiri. Juu kabisa ya kipito hakuna mti wala nyumba, na wewe uko juu ya barabara ukiwa kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Mimi nikiona mawingu yanaota kama koliflawa kabla ya saa tano, nageuza, hata kama kileleni kumebaki kilomita chache. Kumbuka pia kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha nyuzi 25 kwenye bonde lililo mita 900, juu ya mita 2,700 unaweza kukutana na nyuzi 13, na hiyo ni kabla ya upepo wa kuteremka.

Kuhusu kuchagua mlima wenyewe, nina upendeleo ambao sijauficha kwa mtu: napenda barabara zilizojengwa kabla ya gari. Stelvio, nchini Italia, ilijengwa kati ya 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, kwa agizo la utawala wa Austria. Ukitokea Prato, kijiji kilicho mguuni pake, ina kona 48 za kugeuka nyuma, kila moja na namba yake, na inakupandisha mita 1,800 hivi ndani ya kilomita 24 hadi kufika mita 2,757. Namba hizo zinatisha, lakini Donegani aliwajengea farasi wanaovuta magari ya abiria, na farasi hapandi ukuta. Wastani wa mwinuko ni asilimia 7 na kitu, na mara chache barabara inakushtukiza. Linganisha na njia nyingi fupi zilizowekewa lami juu ya vijia vya wachungaji, zenye asilimia 14 au 15 bila onyo. Hizo, ukiwa na mizigo, zitakuvunja miguu kuliko Stelvio nzima.

Upendeleo wangu wa pili ni vipito vyenye handaki la magari chini yake. Handaki la barabara la Gotthard, nchini Uswisi, lilifunguliwa 1980, lina urefu wa karibu kilomita 17, na malori yote yenye haraka hupita humo. Juu, kwenye mita 2,106, imebaki Tremola, barabara ya zamani iliyotandikwa mawe, ikijikunja kona baada ya kona upande wa kusini. Mawe yanatikisa mikono, ndiyo, na ni vizuri kupunguza upepo kidogo kwenye tairi, lakini unasikia kengele za ng'ombe badala ya injini. Kipito kisicho na handaki kilicho kwenye njia kuu ya biashara, kama Brenner kati ya Austria na Italia, hata kikiwa chini na rahisi, kinakuweka karibu na msongamano siku nzima.

Ukishapata mlima unaoutaka, tazama mchoro wake wa mwinuko, na usiuamini wastani. Mfano mzuri ni kipito cha Galibier nchini Ufaransa kwa anayetokea Saint-Michel-de-Maurienne. Kwanza unapanda kipito cha Télégraphe hadi mita 1,566, halafu unateremka hadi Valloire, ndipo unaanza kupanda tena kufika mita 2,642. Ule mteremko wa katikati unaushusha wastani kwenye karatasi, na kimo ulichokipoteza unakilipa tena kwa miguu. Kwa hiyo hesabu jumla ya mita utakazopanda, na utazame sehemu ngumu ziko wapi. Mara nyingi, kama hapo Galibier, ziko mwishoni, hewa ikiwa nyembamba.

Umbo la bonde pia linakuambia mengi. Mabonde yaliyochongwa na barafuto, ile mito ya barafu, zamani ni mapana, yana sakafu karibu bapa, kisha yanaishia kwenye ukuta. Humo unakwenda kilomita nyingi ukijiona hupandi kitu, na kazi yote inakusubiri mwisho. Mabonde yaliyokatwa na mto peke yake ni membamba. Barabara hubanwa ukingoni, hupanda na kushuka kufuata mwamba, na ni vigumu kupata hata sehemu tambarare ya kusimika hema. Kwenye ramani yenye mistari ya kimo tofauti hiyo inaonekana waziwazi, na ndiyo inayoamua kama utapata pa kulala mguuni pa mlima.

Sasa mizigo, na hapa nitakaa kidogo. Chukua mtu, baiskeli na mabegi vyenye jumla ya kilo 100. Kuvipandisha mita 1,000 kunahitaji kazi ya kilojuli 981, ukiacha upepo na msuguano wa tairi. Msafiri wa kawaida anayeweza kutoa wati 100 saa baada ya saa atatumia zaidi ya saa mbili na dakika arobaini. Ongeza kilo 5 za vitu vya "huenda nikavihitaji", umejiongezea kama dakika 8. Si balaa, na ndiyo maana sisumbuki kukata mpini wa mswaki kama wanavyofanya wengine. Kinachonisumbua zaidi ni chakula. Misuli hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, kwa hiyo mita 1,000 hizo zinakugharimu karibu kilokalori 1,000. Anayengoja njaa ndipo ale amechelewa. Kula kidogo kidogo kila nusu saa tangu mwanzo wa mlima, hata kama hujisikii.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokuchagulia gia. Kwa wati 100, kwenye mwinuko wa asilimia 8, mwendo wako ni kilomita 4 na kitu kwa saa. Sproketi ya mbele yenye meno 24 na ya nyuma yenye meno 34 husogeza baiskeli kama mita moja na nusu kwa kila mzunguko wa kanyagio, na hapo unaweza kupanda bila kuyatesa magoti. Baiskeli nyingi za dukani haziji na gia nyepesi hivyo. Kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu kabla ya safari, badilisha gia, achana na tandiko la bei na mabegi ya fahari. Na pale hata gia hiyo inaposhindwa, shuka usukume. Mwaka 1910, mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipopitishwa kipito cha Tourmalet kwa mara ya kwanza, Octave Lapize alifika juu wa kwanza huku akiwa ametembea baadhi ya sehemu, na mwisho wa mashindano ndiye aliyeshinda. Kusukuma kunanyoosha mgongo na kupumzisha makalio.

Zile kilojuli 981 ulizozipandisha zinakurudia zote ukiteremka. Nyingine zinaliwa na upepo, zinazobaki zinaishia kwenye breki kama joto. Anayeteremka akiwa ameshikilia breki muda wote kwa woga ndiye anayezichoma zaidi, maana anakwenda polepole mno kwa upepo kumsaidia. Kwenye breki za rimu, joto hilo linaweza kupasua tyubu. Kwenye breki za diski, nguvu ya kushika hupotea. Acha baiskeli ikimbie kidogo sehemu iliyonyooka, funga breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, achia unapoingia. Mimi nikiwa na mizigo husimama kila baada ya mita 400 hivi za kimo. Nadondosha tone moja la maji kwenye diski. Likichemka na kutoweka papo hapo, nakaa kwenye ukuta wa kona, nakunja na kukunjua vidole vilivyoganda, nasubiri hadi tone jingine litulie bila kuchemka. Koti la upepo na glavu ndefu huvaliwa pale juu, kabla ya kuanza kuteremka. Ukingoja hadi uhisi baridi, vidole vitakuwa vimeshakataa kubana breki.

Vipito vya juu vya Alpi hufungwa na theluji, na vingi hufunguliwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Anayefunga safari mwanzoni mwa Juni awe na njia ya pili mkononi.

Haya yote ni kwa milima ambayo mabonde yake yako chini. Kwenye barabara ya Pamir huko Tajikistan mambo ni mengine. Kipito cha Ak-Baital kiko mita 4,655, na hata mji wa Murghab ulio bondeni uko zaidi ya mita 3,600. Huko bonde halikupi pumziko la hewa, na swali la malazi linakuwa swali la afya. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne lala tena pale pale ulipolala jana. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usiendelee kupanda. Vikizidi, teremka hata kama ni usiku.

Kwa anayetaka mahali pa kuanzia, ningemwambia aende Prato. Lala hapo, acha mabegi, panda Stelvio asubuhi, kisha juu usiteremke hadi mji wa Bormio ulio upande wa pili. Shuka kidogo tu upande huo, kata kulia kwenye kipito cha Umbrail, teremka hadi Santa Maria upande wa Uswisi, ufuate bonde la Müstair kurudi Prato kupitia Glorenza. Ni mzunguko wa kama kilomita 60, unakuonyesha mlima mkubwa na mabonde mawili bila mzigo mgongoni mwa baiskeli. Siku inayofuata funga mabegi na ulifuate bonde la Venosta kwenye njia yake ya baiskeli, katikati ya mashamba ya matofaa hadi Merano. Ondoka mapema, kabla ya upepo. Ukitaka kurudi, kuna treni inayopanda bonde hilo hadi Malles.