Lipu inayopukutika si sababu ya kuiacha nyumba ya mawe

Ndugu uliyeuliza kama uache kuinunua ile nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa kuwa kuta zake zimepukutika na kuota madoa, nakuomba usikate shauri mapema. Nimefanya uashi katika nyumba za namna hiyo kwa miaka mingi, na ninaouogopa zaidi ni ukuta uliopigwa lipu ya saruji juzi na kupakwa rangi ukang'aa.

Kuta hizo za mawe ya matumbawe hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Chumvi inayosafiri na maji hujikusanya karibu na uso na kuing'oa lipu vipande vipande. Lipu ndiyo inayoliwa ili jiwe lisiliwe, na kuipiga upya ni matunzo ya kawaida. Saruji, kinyume chake, huyafungia maji ndani. Yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na yakifika kwenye boriti ndipo nyumba inapoanza kufa.

Kwa hiyo anza ukaguzi juu. Boriti ni za mikoko, tena ngumu, lakini ncha zilizomo ukutani zikilowa muda mrefu huoza huku sehemu inayoonekana ikiwa nzima. Chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Niliwahi kukagua nyumba ambayo dari yake ilipakwa chokaa nyeupe pe, mwenyewe akiisifu, na bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Ya jirani yake, iliyoitwa gofu na kila apitaye, boriti zake ziligongwa zikalia kavu. Kisha tazama mabati, mifereji ya paa na bafu la ghorofani, kwa sababu madoa mengi ya ukutani chanzo chake ni huko.

Sisemi kila kasoro ipuuzwe. Ufa uliopenya ukuta mzima, au ukuta uliofura na kutoka nje ya mstari, ni jambo la kumwita mhandisi kabla ya kulipa chochote. Hata Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika ukarabati.

Tuletee picha za ncha za boriti na za mifereji, maana bila hizo hatuwezi kukuambia kama bei uliyotajiwa ni ya haki.