Kikosi cha Nyakati Zote cha Kriketi: Anza na Warushaji

Ukitaka kuchagua kikosi bora cha kriketi cha nyakati zote, usianze na Don Bradman, mpigaji wa Australia. Bradman yumo, hilo halina ubishi, na utamwandika jina lake dakika ya mwisho bila kuumiza kichwa. Anza na swali hili: nani atawatoa wapinzani? Mechi ya Testi, ile ya siku tano, huwezi kuishinda kwa mikimbio mingi peke yake, yaani zile alama wanazopata wapigaji. Ni lazima upate wiketi 20, yaani warushaji wako wawatoe wapigaji mara 20, kumi katika zamu ya kwanza ya wapinzani na kumi katika zamu ya pili. Usipozipata, hata ubao ukisoma mikimbio 800, siku ya tano jua litazama na mechi itaisha sare.

Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa mmoja wa watu wa kijiwe kidogo cha chai pale Miyomboni, Iringa mjini. Wengine wanaokaa kwenye mabenchi yale wanazungumza Simba na Yanga, na sisi wachache tunazungumza kriketi. Yupo mzee wa duka la vitambaa aliyeufuata mchezo huu kwa redio ya masafa mafupi tangu ujana wake. Yupo mwalimu wa hisabati, wapo na vijana wawili watatu wanaotazama mechi kwenye simu. Juni na Julai, baridi ya Iringa inapobana, mjadala wa kikosi cha nyakati zote ndio unaotufanya tuagize kikombe cha pili cha chai ya Mufindi. Yafuatayo nimeyapata humo.

Tazama jinsi watu wanavyowasahau warushaji. Mwaka 2000, Wisden, kile kitabu cha kila mwaka cha kriketi cha Uingereza, kiliwaomba wataalamu 100 wataje wachezaji watano wa karne. Bradman alipata kura zote 100, Garfield Sobers 90, Jack Hobbs 30, Shane Warne 27, Viv Richards 25. Hesabu warushaji wa kasi katika watano hao wa juu. Sobers aliweza kurusha kwa kasi, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga. Mrushaji wa kasi aliyeingia kwa kazi hiyo hayumo. Wakati huo Malcolm Marshall wa West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibiani, alikuwa amekwisha kuchukua wiketi 376 katika mechi 81 za Testi, kwa wastani wa 20.94. Kwa asiyezoea takwimu hizi: wastani wa mrushaji ni mikimbio anayoitoa kwa kila wiketi moja, kwa hiyo mdogo ndio mzuri. Kwa mpigaji ni kinyume chake, mkubwa ndio mzuri. Mrushaji aliyeshuka hadi karibu na 20 kwa mechi nyingi kiasi hicho ni wa kuandikwa kwanza.

Bradman mwenyewe alilijua jambo hili kuliko sisi. Kikosi alichokichagua yeye, kilichotangazwa 2001 baada ya kifo chake, kina warushaji watano kamili: Ray Lindwall, Dennis Lillee, Alec Bedser, Bill O'Reilly na Clarrie Grimmett. Ukimwongeza Sobers wanakuwa sita. Mlinda wiketi wake, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, ni Don Tallon, naye alipangwa kupiga namba sita. Yaani mpigaji mkubwa kuliko wote duniani, mwenye wastani wa 99.94, alipokaa kuchagua timu alijaza warushaji. Sikubaliani na majina yake yote, maana saba kati ya kumi na mmoja ni Waaustralia, yeye mwenyewe akiwamo, na hapo naona mapenzi ya nyumbani. Ila mpangilio wake nauheshimu sana.

Jambo la pili ni uwanja, na hapa nawaomba mtulie, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa bila sababu. Mtu anasema Muttiah Muralitharan, mwenzake anasema Warne, sauti zinapanda, na hakuna aliyeuliza mechi inachezwa wapi. Wote wawili walirusha mpira wa kuzunguka. Muralitharan wa Sri Lanka ana wiketi 800, na hakuna aliyewahi kuzifikia. Warne wa Australia ana 708. Lakini Muralitharan alipocheza Australia alipata wiketi 12 tu katika mechi 5, kwa wastani wa 75.41. Na Warne alipokwenda India, ambako wapigaji wamekulia kwenye pichi zinazogeuza mpira, alipata wiketi 34 katika mechi 9 kwa wastani wa 43.11, wakati wastani wake wa maisha ni 25 na ushee. Pichi, ule ukanda mgumu wa katikati, ndiyo inayoamua nani ni mkubwa siku hiyo.

Kwa hiyo kabla hamjataja jina lolote, kubalianeni: tunacheza wapi? Mkisema Perth, ambako mpira unaruka na kasi ndiyo mfalme, mimi namweka Warne peke yake kwa mpira wa kuzunguka na kumpa Glenn McGrath, mrushaji wa kasi wa Australia, nafasi ya mrushaji wa nne. Mkisema Kolkata, McGrath anapumzika, Warne na Muralitharan wanacheza pamoja. Mwalimu wetu aliwahi kuuliza, “Sasa kikosi cha nyakati zote kinabadilikaje kila wiki?” Nami nikamjibu, mwalimu, timu halisi ndivyo zinavyofanya. Teua watu 15, kisha kumi na mmoja wachague kwa kutazama pichi.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyookoa urafiki wetu: anayemwingiza mtu, amtoe mtu. Haitoshi kusema Brian Lara wa West Indies alikuwa fundi. Sote tunajua, ana mikimbio 400 bila kutolewa mwaka 2004 kule Antigua, na hakuna mwingine aliyefika hapo katika Testi. Lakini anatoka nani? Sachin Tendulkar wa India mwenye mikimbio 15,921? Viv Richards, aliyewakabili warushaji wakali wa zama zake kichwa kikiwa na kofia ya kitambaa tu? Mtu akilazimika kutaja anayetoka, maneno yanapungua na hoja zinaongezeka. Mimi namwacha Lara nje na kumweka Richards, na roho inauma. Sababu yangu ni kwamba namba tano nahitaji mtu wa kuwavunja nguvu warushaji waliokwisha kuchoka, na kwa kazi hiyo simjui anayemzidi Richards.

Kanuni hiyo ndiyo iliyompa mzee wa vitambaa ushindi wake mkubwa kijiweni. Kwa wafunguzi, wale wapigaji wawili wanaoanza zamu, Hobbs nilikuwa naye tayari, na wa pili nilimtaka Len Hutton wa Uingereza, aliyepiga 364 dhidi ya Australia mwaka 1938. Mzee akasema, “Mwanangu, mtoe Hutton, mweke Sunil Gavaskar.” Nikamwomba sababu. Hakutaja jumla ya mikimbio, ingawa Gavaskar, Mhindi, ndiye wa kwanza kufikisha 10,000 katika Testi, mwaka 1987. Alitaja wapinzani. Katika zama ambazo West Indies walikuwa na warushaji wa kasi wa kutisha kuliko timu yoyote, Gavaskar alivuka 100 mara 13 dhidi yao, kwa wastani wa zaidi ya 65. Na ziara yake ya kwanza, 1971 huko huko West Indies, alipiga mikimbio 774 katika mechi nne. Hoja ya namna hiyo unaipokea kwa mikono miwili. Tangu siku ile Gavaskar yumo kwenye karatasi yangu.

Nawashauri vijana hasa waige namna ya mzee yule: usitaje alipata ngapi, taja alizipata kwa nani na wapi. Ndivyo unavyoweza hata kulinganisha zama. Wa zamani walicheza kwenye pichi zisizofunikwa, mvua ikinyesha inalowa, na bila kofia ngumu. Wa sasa wana pichi zilizotunzwa, lakini kila kosa lao linachambuliwa kwenye video. Huwezi kumchukua mtu wa 1930 ukamtupa 2010. Unachoweza ni kumpima na wenzake wa siku zake. Kwa kipimo hicho Bradman yuko peke yake: wapigaji bora wengine waliocheza muda mrefu, wa zama zote, wanaishia kwenye 60 hivi, yeye karibu 100.

Mlinda wiketi mara nyingi anaachwa mwishoni kama kipa kwenye mechi ya mtaani, na hilo ni kosa. Kijana mmoja wetu alimpigania sana Kumar Sangakkara wa Sri Lanka, mwenye wastani wa 57.40. Ni mpigaji mkubwa kweli. Ila alipocheza bila glavu za wiketi wastani wake ulikuwa 66.78, na alipokuwa nazo ulikuwa 40.48. Kuchuchumaa nyuma ya wiketi siku nzima kunamaliza miguu. Ukimpa Sangakkara glavu, yule mpigaji unayemtaka humpati. Adam Gilchrist wa Australia alifanya kazi zote mbili kwa pamoja na bado alipata wastani wa 47.60, akipiga kwa kasi ambayo ilizimaliza timu zilizodhani zimeshapumua. Kwangu Gilchrist, namba saba, bila kusita.

Sobers ndiye ufunguo. Alipiga mikimbio 8,032 kwa wastani wa 57.78, akachukua wiketi 235, na aliweza kurusha kwa kasi au kwa kuzungusha kwa namna mbili tofauti. Ukiwa naye unapata mrushaji wa tano bila kupoteza mpigaji.

Karatasi yangu ya Perth inasoma hivi: Hobbs, Gavaskar, Bradman, Tendulkar, Richards, Sobers, Gilchrist, Wasim Akram, Marshall, Warne, McGrath. Akram wa Pakistan ana wiketi 414 na anarusha kwa mkono wa kushoto, na mpigaji aliyezoea mpira kutoka upande mmoja anasumbuka unapomjia kutoka upande mwingine.

Kuna suala ambalo siwezi kulipita kimya. Barry Richards wa Afrika Kusini, ambaye Bradman alimchagua, alicheza mechi 4 tu za Testi, zote 1970, akapata mikimbio 508. Kisha Afrika Kusini ikatengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Wengi humlilia, na kipaji chake kilistahili zaidi. Lakini mimi siweki mtu wa mechi 4, na kuna wa kuliliwa zaidi yake. Nchi ile ile iliwanyima Waafrika na machotara wote nafasi ya kuvaa jezi ya taifa. Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town, ilibidi ahamie Uingereza ndipo acheze Testi, na mwaka 1968 serikali ya makaburu ilipokataa kumpokea akiwa na timu ya Uingereza, ziara nzima ilivunjika. Waliobaki nyumbani hawana hata mechi moja ya kutajiwa. Mjadala wa kikosi cha nyakati zote usiosema hili una tundu kubwa katikati.

Ukiwa mgeni kabisa wa mchezo huu, usianze na dunia. Anza na kikosi cha Afrika Mashariki cha mechi za siku moja, kwa sababu watu wake tunawajua na wengine tunaweza kuwatazama kwenye video. Timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975 na kupoteza mechi zote tatu. Kenya ikaja kuwashinda West Indies kwa mikimbio 73 huko Pune, India, mwaka 1996, na 2003 ikafika nusu fainali. Mle utampata Steve Tikolo, mpigaji wangu wa kwanza kuandikwa. Utampata Collins Obuya, aliyewatoa Wasri Lanka watano jijini Nairobi, na Aasif Karim, aliyewabana Australia mwaka huo huo kwa wiketi 3 huku akitoa mikimbio 7 tu. Kutoka Uganda yupo Frank Nsubuga, aliyerusha ova nne (ova ni mipira sita) kwa mikimbio 4 katika Kombe la Dunia la T20 la 2024 akiwa na miaka 43. Na vijana wa Tanzania chini ya miaka 19 walifuzu Kombe lao la Dunia la 2026, mara ya kwanza kabisa, kwa hiyo acheni nafasi kwenye zile 15.

Kazi ngumu itakuwa Maurice Odumbe. Ndiye nahodha na mchezaji bora wa mechi ile ya Pune, na mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na watu wa kamari. Kijiwe chetu kimegawanyika. Mzee wa vitambaa anasema aliyeuvunjia mchezo heshima asikae na Tikolo kwenye karatasi moja. Mimi namweka, kwa sababu adhabu ameitumikia na mpira aliourusha Pune ulikuwa wa kweli, lakini namweka bila unahodha.